Riviu: seti ya makufuli mekundu ya kufungia mashine wakati wa matengenezo

Nyota nne kati ya tano. Hiyo moja nimeikata sio kwa sababu plastiki mbovu wala nini, nimeikata kwa sababu ya ufunguo mmoja mdogo uliokuja ndani ya begi ambao kwa maoni yangu haukutakiwa kuwepo kabisa, nitaueleza mbele huko. Mi ni fundi matengenezo kiwandani, umeme nashika na mekanika nashika, na haya naandika kwa ajili ya mafundi wenzangu, maopereta, na yule mtu wa usalama kazini ambaye akiambiwa na bosi aandike vitu vya kununua anaishia kuandika glavu na helmeti tu.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, hii ni seti ya kuzuia mashine isiwake wakati kuna mtu mkono wake uko ndani. Inakuja kwenye begi la kuvaa kiunoni: makufuli 6 mekundu, haspi mbili za chuma zenye matundu sita sita (za kutia makufuli ya watu wengi sehemu moja), vibano vya kufungia breka za umeme, kava la valvu za kugeuza kwa mpini, kava mbili za duara za kufunika lile gurudumu la valvu kubwa, kiboksi cha kufungia plagi, waya mrefu wa chuma uliovikwa plastiki, na bunda la tagi. Matumizi yenyewe hayana ufundi mkubwa. Unawaambia wanaohusika, unazima mashine, unaenda kwenye swichi kubwa inayoilisha umeme unaikata, unapiga kufuli lako, ufunguo unatia mfukoni mwako wewe mwenyewe, unatoa nguvu iliyobaki ndani na kuhakikisha haiwaki (nitaeleza mbele), afu ndo unaingia kazini. Hakuna wa kuwasha mpaka wewe utoke uje ufungue. Basi.

Sasa mtu atauliza mbona mashine ina kitufe chekundu cha dharura, si unakibonyeza tu? Hapana ndugu yangu. Kile kitufe kwenye mashine nyingi kinakata saketi ya kuongozea tu, umeme mkubwa bado umekaa pale kwenye kontakta (ile swichi inayopeleka umeme kwenye mota) unasubiri, na mtu yeyote akipita akakizungusha kikatoka halafu akabonyeza start, roli za mashine zinazunguka na wewe uko katikati. Kitufe cha dharura kazi yake kusimamisha mashine inayotembea. Kumlinda mtu aliyeingia ndani ya mashine iliyosimama ni kazi nyingine kabisa, na hapa ndo watu wengi tunapoumia. Ajali za mashine tunazohadithiana mafundi, nyingi hazikutokea uzalishaji ukiwa unaenda vizuri, zilitokea mashine ikiwa imesimama au watu wanaamini imesimama: mtu anatoa kitu kilichokwama, anasafisha roli, anapaka grisi, anabadilisha mkanda, afu mwenzake upande wa pili wa laini ya uzalishaji ambaye hamuoni anawasha. Na aliyewasha wala hakuwa na nia mbaya, kaambiwa laini ianze kaianzisha.

Marekani hili jambo lina kanuni yake tangu 1989, wale OSHA wanaosimamia usalama kazini waliitoa, na makadirio yao wenyewe ni kwamba ikifuatwa inazuia vifo kama 120 na majeruhi kama 50,000 kila mwaka, na anayeumia kwa aina hii ya ajali anakaa nje ya kazi wastani wa siku 24. Hiyo ni nchi moja. Kwa dunia nzima Shirika la Kazi Duniani mwaka 2023 lilitoa makadirio kwamba karibu watu milioni 3 wanakufa kila mwaka kwa ajali na magonjwa yanayotokana na kazi, wengi zaidi ni magonjwa, na wanaoumia bila kufa ni milioni 395. Sio kwamba wote hao wangeokolewa na kufuli, la hasha, ila ukiwa unabishana na meneja kuhusu bajeti hizi namba zinasaidia, nimejaribu.

Tuje kwenye kifaa chenyewe. Kufuli mwili wake ni plastiki ngumu aina ya nailoni, sio chuma, na mwanzoni watu walilicheka wakasema hili la kufungia sanduku la shule. Lakini plastiki imewekwa kwa makusudi, unalifunga kwenye paneli ya umeme, hutaki kipande cha chuma kinaning'inia karibu na nyaya. Pia ni jepesi, ukibeba yote sita kiunoni huchoki. Mafuta ya mashine yamelipata, maji ya presha ya kusafishia yamelipata, vumbi ndo usiseme, na bado linafunguka laini. Moja tu ndo lilianza kuwa gumu kwa sababu ya vumbi kuingia kwenye tundu la ufunguo, nikalipuliza na hewa likarudi. Kulikata kwa mkasi wa bolti inawezekana, pete yake ni nyembamba, milimita 6 hivi, lakini hili sio kufuli la kuzuia mwizi, ni la kuzuia mtu mwenye haraka, na mtu mwenye haraka akilazimika kwenda stoo kuomba mkasi wa bolti kuna mahali njiani akili itamrudia.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni kwamba ufunguo hautoki mpaka kufuli liwe limefungwa. Inaonekana ndogo ila fikiria, ukiwa na kufuli la kawaida unaweza kulining'iniza pale kwenye swichi ukasahau kulibana, ukachomoa ufunguo ukaondoka ukiamini umefunga. Hili halikuruhusu. Ufunguo ukiwa mfukoni maana yake kufuli limebana, hakuna hadithi nyingine. Na kila kufuli lina ufunguo wake, wa kwangu haufungui la mwenzangu, nimejaribu yote sita kwa kila tundu.

Vibano vya breka, vizuri kwa breka ndogo za kawaida, unakaza skrubu kwa kidole kinang'ata. Kwa zile breka pana zenye mpini mnene kinateleza, ukivuta kwa nguvu kinatoka, kwa hiyo paneli zetu kubwa ilibidi tutafute vya saizi nyingine. Kava la valvu za mpini linaingia kwenye bomba ndogo tu, la inchi moja linaingia kwa shida. Kiboksi cha plagi hakina neno. Waya wa chuma ndo mfalme wa begi zima, pale ambapo hakuna kifaa kinachoenea unazungusha waya kwenye magurudumu ya valvu mbili tatu kwa pamoja, unavuta, unapiga kufuli, umemaliza.

Haspi ni ya kuelezwa kidogo. Mkiwa mafundi wengi kwenye mashine moja mnaweka haspi kwenye swichi halafu kila mtu anapiga kufuli lake kwenye tundu lake. Akitoka wa kwanza anatoa lake, wa pili lake, mpaka wa mwisho, na mashine haiwaki hata kama amebaki mmoja tu. Tatizo ni matundu sita sita, na siku ya matengenezo makubwa sisi tunakuwa wengi kuliko hapo. Unaweza kuunganisha haspi ndani ya haspi, ila kwa timu kubwa afadhali kile kiboksi ambacho funguo za mashine zote zinafungiwa ndani halafu kila mtu anapiga kufuli lake kwenye kiboksi. Hakimo kwenye seti hii.

Tagi zimenikera. Karatasi imepigwa plastiki sawa, lakini wino unafutika ukiguswa na dawa ya kusafishia mafuta, sasa jina langu likifutika hiyo tagi inamwambia nini mtu? Maandishi nayo ni lugha moja ya kigeni na herufi ndogo, kibarua aliyeanza kazi wiki hii haelewi. Tumetengeneza zetu, zina picha ya mtu, jina, idara, namba ya simu, tarehe na saa. Na jamani kuna viwanda wanatundika tagi bila kufuli wanasema inatosha. Tagi ni maneno tu, mtu anaweza kuigeuza akaangalia kulia na kushoto akawasha. Kama swichi ina sehemu ya kutia kufuli, tia kufuli.

Haya, sasa kile ambacho kufuli halifanyi, hapa someni taratibu kwa sababu nimeona watu wakinunua hizi seti wanaona wamemaliza. Kufuli linazuia nguvu mpya isiingie kwenye mashine. Nguvu iliyokwisha kuingia ikabaki humo ndani kufuli haliijui. Presi ya hidroliki ukiikata umeme, kichwa kiko juu, kinashikiliwa na mafuta yaliyobanwa, ukilegeza bomba bila kuweka nguzo ya chuma ya kukizuia kinashuka na hakijali paneli imefungwa na makufuli mangapi. Silinda za hewa hivyo hivyo, kompresa imezimwa lakini bomba la hewa bado lina presha, unachomoa kitu kilichokwama silinda inamalizia safari yake na kidole chako. Konveya (mkanda wa kubebea mizigo) inayopandisha juu ikiwa na mzigo inaweza kurudi nyuma. Springi iliyobanwa, gurudumu zito ambalo bado linazunguka baada ya kuzima, bomba la mvuke, yote hayo. Na zile drive za kuongozea mwendo wa mota zina kapasita ndani ambazo zinakaa na chaji baada ya kukata umeme, dakika za kusubiri zimeandikwa kwenye kava lake na wengi wetu hatuzisomi. Kwa hiyo baada ya kufuli kuna kazi bado: toa presha, shusha au egemeza kilichoko juu, subiri kinachozunguka kisimame, subiri kapasita zitoke chaji. Kwa hewa, ukiweza weka valvu inayofunga na hapo hapo kutoa nje ile iliyobaki, inakupunguzia mambo ya kusahau.

Halafu hakikisha. Nenda kabonyeze start. Isipowaka rudisha kitufe kwenye kuzima, usikiache kimekaa kwenye kuwasha. Kama unagusa nyaya, tumia tesita, na tesita yenyewe ipime kwanza kwenye umeme unaojua upo, kisha pima pale unapotaka kufanya kazi, halafu irudishe tena kwenye umeme uliopo uone haijafa katikati ya zoezi. Kuna mzee wetu mmoja wa mota akiona kijana anashika spana anamuuliza swali moja tu, "umebonyeza start?", na kama hujabonyeza anakurudisha, hata kama wewe ndo mkubwa kwa cheo.

Sasa ule ufunguo. Ndani ya begi kumewekwa ufunguo mmoja unaofungua makufuli yote sita, na kijikaratasi kinasema ni kwa ajili ya msimamizi. Hapa ndo ilipoondoka nyota yangu. Thamani yote ya hiki kitu iko kwenye jambo moja, kwamba aliye ndani ya mashine ndiye peke yake mwenye uwezo wa kuiruhusu iwake. Ukimpa supavaiza ufunguo wa yote, na supavaiza huyo huyo ndiye anayepigiwa simu na meneja kwamba mzigo unachelewa, umerudi kule kule kwa kutegemea kumbukumbu na huruma. Sisi ule ufunguo tumeuondoa kabisa. Fundi akiondoka nyumbani akasahau kufuli lake, kuna utaratibu: kwanza mnahakikisha kweli hayupo ndani ya kiwanda, sio kwa kuuliza tu bali kwa kuangalia, mnampigia simu, mnaikagua mashine, ndipo aliyeruhusiwa kwa maandishi analikata, na yule fundi anaambiwa kabla hajaanza kazi tena ili asije akaamini kufuli lake bado lipo. Kukata kufuli kunauma kidogo kwa sababu umeharibu mali, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, isiwe rahisi.

Mabadilishano ya shifti nayo yana mtego wake. Wa asubuhi anatoa kufuli lake kwa sababu saa zake zimeisha, wa jioni bado anabadili nguo, kati hapo mashine iko uchi. Wa jioni apige lake kwanza, ndipo wa asubuhi atoe. Na wakandarasi kutoka nje, hao usiwaache wafanye ya kwao, wape makufuli ya rangi nyingine na wafunge pamoja na nyie.

Najua kuna mtu anasoma hapa anasema sawa bwana lakini ajali zinaletwa na uzembe wa wafanyakazi. Hii kauli ina umri. Kuna bwana anaitwa Heinrich, mtu wa bima Marekani, mwaka 1931 alitoa hesabu kwamba asilimia 88 ya ajali zinatokana na matendo ya mfanyakazi mwenyewe, na mpaka leo ukienda semina utaikuta kwenye slaidi. Hesabu yenyewe aliitoa kwenye faili za bima na kumbukumbu za wenye viwanda, yaani sehemu kubwa ni kile alichoandika msimamizi baada ya ajali. Na msimamizi ataandika nini? Ataandika hakuwa makini. Hataandika kwamba swichi ya kukatia umeme iko mwisho wa jengo na laini inakwama kila baada ya dakika chache, na kwamba bonasi ya timu inahesabiwa kwa vipande. Mtu akitakiwa atembee mbali, afunge, arudi, atoe kitu kilichokwama, atembee tena, afungue, na kazi yenyewe ya kutoa ni sekunde tano, hatafunga. Labda siku mkaguzi yupo.

Kwa hiyo kabla hujanunua makufuli ya laini inayokwama kila mara, itafute sababu ya kukwama. Sisi tulikuwa na laini ambayo ukiangalia reli zake za pembeni zilikuwa zimepinda, sensa inasoma vibaya, boksi linakaa upande, linaziba. Zikanyooshwa na sensa ikasogezwa, kukwama kukapungua sana, na hata wale wagumu wakaanza kufunga kwa sababu sasa ni jambo la mara moja moja. Pale ambapo lazima mtu aingie mara kwa mara, weka geti lenye swichi inayokata mashine ukilifungua, na weka swichi ya kukatia umeme karibu na mtu anapofanyia kazi. Halafu kagueni hizo swichi za mageti maana zinafungwa sumaku au selotepu ili mashine itembee geti likiwa wazi, na aliyefanya hivyo mara nyingi sio opereta, ni fundi mwenzetu aliyeambiwa afanye haraka laini iende.

Nikigusia kidogo hizo glavu ambazo kila mtu anazikimbilia: zina kazi yake, ukishika bati lenye makali vaa, angalia ile alama ya EN 388 (kiwango cha Ulaya cha glavu za kujikinga) na herufi yake ya kukatika, A mpaka F, F ndo ngumu zaidi. Lakini karibu na drili au lathe (mashine ya kukereza) inayozunguka glavu ni hatari, inashikwa inavuta mkono mzima. Vifaa vya kuvaa vinakuja mwisho, baada ya kuondoa hatari yenyewe, baada ya kuizuia kwa geti na swichi, baada ya utaratibu. Viwanda vingi vinaanza kutoka mwisho kwa sababu glavu inaonekana kwenye picha.

Na kwa kuwa tunaongelea makufuli, lingine liliwahi kuwekwa pasipotakiwa. Tarehe 25 Machi 1911, New York, kiwanda cha nguo cha Triangle kiliungua wakafa watu 146, wengi wasichana wadogo, na mlango mmoja wa kutokea wa ghorofa ya 9 ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wenye kiwanda walishitakiwa na wakaachiwa. Nalitaja kwa sababu bado kuna viwanda utakuta mlango wa dharura una kufuli, paneli ya mashine haina.

Ukiamua kuagiza: usichukue seti kwa macho, zunguka kwanza kiwandani na daftari uandike kila mashine inapata nguvu kutoka wapi, umeme, hewa, hidroliki, mvuke, na kila sehemu ya kukatia ina umbo gani na saizi gani, bandika hiyo orodha kwenye mashine husika. Ukikuta swichi ambayo haiwezi kutiwa kufuli kabisa iandike kwa wino mwekundu ibadilishwe. Kila fundi apate makufuli yake yenye jina lake, sio yale ya kuazima ofisini. Muulize muuzaji kama funguo zinajirudia ukiagiza bechi ya pili, wa kwetu ilibidi tumbane ndo akasema anaweka rekodi ya namba. Vibano vya breka pana na kava za valvu kubwa agiza peke yake, tagi tengenezeni wenyewe. Na ule ufunguo wa kufungua yote mwambie asiuweke kwenye mzigo.